Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Mvulana aliyetimiza miaka 2 anatarajiwa kuwa na kimo cha sentimita 87 hivi. Akipimwa akakutwa hajafika 81, wataalamu wa lishe humhesabu kuwa amedumaa. Tofauti yenyewe ni upana wa vidole vitatu vinne vya mtu mzima, na kwa macho haionekani, hasa pale ambapo watoto wa jirani nao wana kimo hichohicho. Mtoto wa namna hiyo anacheza na wenzake, anacheka, anakula ugali wake na kushiba. Mama yake akiulizwa hali ya mwanawe atajibu kwamba hajambo, na atakuwa anasema kile anachokiona.

Ndiyo maana udumavu ni adui mgumu kuliko njaa ya wazi. Mtoto aliyekonda mpaka mbavu zikahesabika, au aliyevimba miguu na uso kwa kwashiakoo, hukimbizwa hospitali. Aliyedumaa hakimbizwi popote. Anaugua mara nyingi kuliko wenzake, akifika shule anachelewa kushika masomo, na akiwa binti kuna hatari aje kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo, naye aanze safari ileile. Sehemu kubwa ya madhara hayo huingia ndani ya siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapofikisha miaka 2. Baada ya hapo unaweza kumlisha mayai kila siku, yatamsaidia kiafya, lakini kimo na uwezo wa akili vilivyopotea havirudi vyote.

Vipimo hivyo vya sentimita havikukisiwa. Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 baada ya kuwafuatilia watoto walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Ikaonekana kwamba mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo, wakipata matunzo yanayofanana, hukua karibu sawasawa. Kwa hiyo ile kauli inayosikika mara nyingi kliniki, kwamba ukoo wetu ni wa watu wafupi, haielezi sana kinachompata mtoto katika miaka yake ya mwanzo.

Tanzania imepiga hatua, na lazima isemwe. Miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wote walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ukakuta 34, na ule wa 2022 ukakuta 30. Lakini watu nao wameongezeka, kwa hiyo asilimia inashuka huku idadi ikikataa kushuka nayo. Bado tunazungumzia takriban watoto milioni 3.

Kinachouma zaidi ni mahali walipo. Utafiti wa 2022 uliuweka mkoa wa Iringa juu ya mikoa yote kwa udumavu, asilimia 57. Njombe ikafuata, kisha Rukwa, katika kila mmoja karibu nusu ya watoto wakiwa wamedumaa. Anayejua historia ya chakula ya nchi hii atashtuka. Iringa, Rukwa, Mbeya na Ruvuma ndiyo mikoa minne iliyokuwa ikitegemewa kulisha taifa kwa mahindi tangu enzi za Mwalimu Nyerere, na Njombe yenyewe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012.

Ukipita Makambako, mkoani Njombe, wakati wa mavuno utaona malori ya viazi mviringo yakipakiwa lumbesa, magunia yaliyoshonewa kilemba juu, yanaelekea Dar es Salaam. Kuna mahindi, maharage, njegere, kabichi, nyanya. Milima ya Njombe siku hizi imejaa miti ya parachichi, na matunda yake yanasafirishwa kwa makontena ya baridi hadi Ulaya na India. Parachichi lililopondwa kwa uma ni katika vyakula bora kabisa vya kumwanzishia mtoto wa miezi 6: laini, lina mafuta, halihitaji moto. Huko linakoota linahesabiwa kwa kilo na bei, na lile lisilofikia kiwango cha mnunuzi huishia sokoni au kwa mifugo.

Dar es Salaam, ambako karibu kila kilo ya chakula inanunuliwa, ina udumavu mdogo sana kuliko Iringa inayokilima. Hapo ndipo hesabu ya kawaida inapovunjika. Tumezoea kudhani kwamba lishe mbaya ni ukosefu wa chakula, basi dawa yake ni kulima zaidi. Nyanda za Juu Kusini, iliko mikoa hii, zimelima, tena sana, na watoto hawakukua.

Kuna jambo jingine linaloifanya habari ya Iringa kuwa chungu. Mkoa huu ndio ulioifundisha dunia namna ya kupambana na utapiamlo.

Mwaka 1983 serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ilianzisha mradi wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa ya wakati ule. Watoto waliolengwa walikuwa kama 46,000. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa nguzo ya kitaalamu. Festo Kavishe, aliyekuja kuiongoza taasisi hiyo, na Urban Jonsson, Msweden aliyefanya kazi UNICEF nchini, ni miongoni mwa watu waliouandika mradi huo mpaka ukajulikana duniani kote. Hata hivyo kazi yenyewe ilifanywa chini ya miti, vijijini.

Mradi haukuanza kwa kugawa chakula. Ulianza kwa kupima. Kila baada ya miezi 3 kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Mzani ulitundikwa kwenye tawi, watoto wakaingizwa mmoja mmoja kwenye kaptura ya turubai na kuning'inizwa, wengine wakipiga mayowe kijiji kizima kisikie. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa anayeyumba, nyekundu kwa aliye hatarini. Halafu, na hapa ndipo palipokuwa na upya, takwimu hazikufungwa kwenye bahasha kupelekwa mjini. Zilisomwa palepale mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji. Watoto wangapi wako kwenye nyekundu? Nani amefariki tangu tulipokutana, na aliugua nini? Wa nyumba ile wanakula mara ngapi kwa siku, na mama yao anashinda wapi?

Kijiji kikishajiuliza, kilichagua la kufanya kwa uwezo wake: kuchimba kisima, kuanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, kulima shamba la pamoja la maharage, kumpunguzia kazi mjamzito. Miezi 3 ikipita walipima tena waone kama hatua ile imefua dafu, na kama haikufua walibadilisha. Kupima, kuchambua, kutenda, kisha kurudi kupima. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38. Wale wa hali mbaya kabisa, ambao huwa katika hatari kubwa ya kufa, walishuka kutoka 6.3 hadi 1.8. Mikoa mingine ikaiga. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mchoro wake maarufu wa vyanzo vya utapiamlo, ambao mpaka leo hufundishwa vyuoni kote duniani, ulikuwa na alama za vidole za Iringa: chakula kimewekwa upande mmoja, huduma za afya na maji upande mwingine, na katikati matunzo ya mama na mtoto yakapewa uzito uleule. Kabla ya hapo matunzo yalikuwa yakichukuliwa kama mambo ya nyumbani yasiyomhusu mtaalamu.

Katika mambo yaliyosambazwa miaka hiyo, kimea kinastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha tatizo lenyewe lilivyo.

Tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba kiasi cha kikombe kimoja cha chai kwa mlo. Mama akimpikia uji mwepesi ili ameze kwa urahisi, kikombe hicho kinajaa maji na mtoto anashiba kabla hajapata nguvu anayoihitaji. Akiupika mzito wenye unga wa kutosha, mtoto anautema. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walipata jibu katika kitu ambacho wanawake wa Iringa walikuwa nacho tangu zamani, ila wakikitumia kwenye pombe. Ulezi au mahindi hulowekwa usiku kucha, yakachujwa, yakafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka yachipue. Huanikwa juani, vichipukizi vikapukuswa, kisha yakasagwa. Mtama nao hufaa, lakini vichipukizi vyake vina sumu na lazima viondolewe vyote. Uji hupikwa mzito mpaka mwiko usimame, ukaepuliwa, ukapoa kidogo, ndipo kijiko kimoja cha unga wa kimea hukorogwa ndani. Dakika chache tu sufuria nzima inalegea. Uji uliokuwa umeshikana sasa unatiririka kwenye kijiko, na hakuna tone la maji lililoongezwa. Ukichemshwa tena kidogo, uko tayari kunywewa. Vimeng'enya vya mbegu iliyochipua vimeukata wanga vipande vipande. Kikombe ni kilekile, lakini unga uliomo ni maradufu, na pengine zaidi.

Haukugharimu dola wala kiwanda. Ulihitaji mtu wa kumkumbusha mama, na mama mwenye nafasi ya kufanya kazi hiyo.

Hiyo nafasi ndiyo kiini cha mambo yote haya. Mwanamke wa kijijini Kilolo, Mufindi au Wanging'ombe huamka kabla ya jua, akachota maji, akawasha moto, kisha akashika njia ya shamba ambalo huenda liko mwendo wa saa nzima au zaidi. Msimu wa kilimo haungoji mtoto akue. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Akiwa mzito kidogo huachwa kwa bibi au kwa dada yake wa miaka 7, pamoja na kibakuli cha uji uliopikwa alfajiri. Mchana uji umepoa na kuganda, nzi wameuzunguka, na dada mwenyewe ana njaa. Mama anarudi jioni anakuta kazi ya kuni na chakula cha wakubwa. Mtoto wa miezi 9 anayetakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, anakuwa amekula mara 2, na mara zote mbili ni wanga mtupu.

Wanaofanya vibarua kwenye mashamba ya chai na misitu ya mbao ya Mufindi wana hali ileile kwa sura nyingine. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, lakini anayelipwa kwa siku hana cha kudai, na anayelima lake hana hata wa kumdai. Unaweza kumweleza mama huyo makundi yote ya vyakula mpaka ayakariri, na bado jioni ikamkuta palepale. Mafunzo ya lishe yanayompa mwanamke jukumu jipya bila kumwondolea hata moja la zamani ni mzigo mwingine tu kichwani pake.

Baba naye ana nafasi yake, na si ndogo. Mara nyingi yeye ndiye anayeuza mazao na kushika fedha. Msimu wa mvua pombe ya ulanzi inapogemwa kutoka kwenye mianzi, vilabu hujaa tangu mchana, na viongozi wa mikoa hii wamekuwa wakiutaja ulanzi hadharani kama mmoja wa maadui wa lishe: saa na fedha zinamalizikia huko, na wapo watoto wanaoonjeshwa ukiwa bado mtamu. Ni kweli, ila ni rahisi mno kuishia hapo. Nyumba ambayo gunia la mwisho limeuzwa Julai ili kulipa mbolea ya mkopo itakuwa na shida Februari, baba anywe asinywe.

Kuna pia umri wa mama. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Mwili wa binti wa miaka 16 bado unajijenga, na sasa unagombea chuma na protini na kiumbe kilichomo ndani yake. Asilimia 42 ya wanawake wote wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa hiyo watoto wengi huzaliwa tayari wamepungukiwa, kabla hata ya suala la uji kuanza.

Hapo ongeza choo kibovu, maji ya mtoni na kuku wanaolala jikoni. Mtoto anayeharisha kila baada ya wiki chache hutumia alichokula kupigana na ugonjwa badala ya kurefuka.

Mijini nako kuna makosa yake, na mengine yanauzwa kwenye vifungashio vya kupendeza. Karibu kila duka la mtaani lina unga wa lishe, mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga, na mama huamini kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo mtoto anavyofaidi. Wataalamu wamelikanusha hili mara nyingi. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama vyote ni nafaka, kundi moja, kwa hiyo kuvichanganya hakuongezi kitu cha maana. Soya inataka kuandaliwa na kuiva kwa namna yake. Karanga zilizosagwa na kukaa wiki kadhaa huota ukungu na kupata sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilipoingia kwenye mahindi. Bora uji wa nafaka moja, kisha wakati wa kupika uongezewe maziwa, au karanga zilizosagwa siku hiyo, au dagaa waliotwangwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa wazima na mifupa yao, na wakazi wa Rukwa wako jirani nao. Majani ya maboga na mnafu unaojiotea shambani vinafanya kazi ambayo hakuna kifungashio kinachoiweza.

Yapo mambo ambayo familia haiwezi kuyatatua jikoni, na hapo serikali ina ushindi wake. Zamani rovu, uvimbe wa shingoni, lilikuwa kitu cha kawaida Ludewa, Makete na milima ya Mbeya. Mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kwenye udongo wa huko, na hakuna mchicha ungeweza kuyarudisha. Kwanza vidonge vya mafuta yenye madini hayo vilisambazwa, halafu miaka ya 1990 sheria ikataka yaongezwe kwenye chumvi. Leo vijana wengi wa Ludewa hawajui rovu linafananaje.

Unga umekuwa mgumu kuliko chumvi. Tangu muongo uliopita kanuni zinataka unga wa ngano na wa mahindi uongezwe chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Viwanda vikubwa vya ngano vinamudu. Lakini mahindi ya Mtanzania yanasagwa kwenye maelfu ya mashine ndogo za mitaani, na wengi wanapenda sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe, maana yake kiini na ganda lenye virutubishi limeshabaki pembeni kama pumba. Kampuni ya kijamii ya Sanku ilipata njia ya kuvutia: inafunga kwenye mashine hizo kifaa kinachodondosha kirutubishi chenyewe kadiri unga unavyopita, na gharama yake inafidiwa kwa kununua mifuko ya unga kwa wingi na kumuuzia msagishaji kwa bei aliyoizoea. Mlaji halipi zaidi. Dona, unga usiokobolewa, kwa wanaoikubali, ni njia fupi kuliko zote.

Kama kuna nchi ambayo Iringa ingepaswa kuitazama kwa makini, ni Peru. Nayo ina milima, wakulima wa viazi, na wanawake wanaobeba watoto mgongoni kwenda shamba. Kwa miaka mingi miradi ya kugawa chakula ilitumia fedha nyingi bila udumavu kutikisika. Mwaka 2006 wagombea urais walibanwa waahidi hadharani kuupunguza kwa pointi 5 za asilimia ndani ya miaka 5, na aliyeshinda, Alan García, akashikiliwa kwa ahadi hiyo. Fedha zikaelekezwa kwenye wilaya zenye hali mbaya zaidi, serikali za mikoa zikalipwa kutokana na matokeo, familia maskini zikapewa fedha taslimu kwa sharti la kuhudhuria kliniki, na wauguzi wakafundishwa kumwonyesha mama kimo cha mwanawe kilipo na kinapotakiwa kuwa. Udumavu ulishuka kutoka asilimia 28 hadi kama 13 katika muda wa takriban miaka 10.

Vipande vyote vya Peru Tanzania inavyo. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini ina sharti la kliniki. Viongozi nao wameahidi kwa maandishi: Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, na mwaka 2022, akiwa Rais, mkataba ukasainiwa upya. Mkoa hupimwa kwa kadi ya alama, na mkuu wake huulizwa. Ile siku ya kupima watoto ya Iringa imefufuliwa nchi nzima kwa jina la SALiKi, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka.

Kwa nini basi Iringa imepanda kutoka asilimia 47 mwaka 2018 hadi 57 mwaka 2022?

Sababu mojawapo ni kwamba mradi wa miaka ya 1980 ulipima uzito, ukawaokoa waliokuwa wanakufa, na kimo kikabaki bila mwenyewe. Wahudumu wa afya wa vijiji waliokuwa wakilipwa posho kidogo na serikali za vijiji waliacha kulipwa hali ya uchumi ilipobadilika, na wengi wakarudi mashambani. Kilimo kikawa cha biashara zaidi, saa za mwanamke shambani zikaongezeka badala ya kupungua. Na SALiKi katika vijiji vingi huishia kwenye kugawa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, vitu vizuri, lakini kile kikao cha kusoma majina na kuulizana sababu, ambacho ndicho kilichokuwa roho ya mradi, kinafupishwa au kurukwa. Kupima urefu kunahitaji ubao, watu wawili na subira: mtoto wa chini ya miaka 2 hulazwa, mmoja ashike kichwa kiguse mwisho wa ubao, mwingine anyooshe magoti na kusukuma kibao hadi kwenye nyayo, huku mtoto akipiga mateke. Ukiwa na foleni ya watoto 90 na mhudumu mmoja wa kujitolea, ni rahisi kukiruka kipimo hicho.

Kisha kuna fedha. Mkataba wa 2017 ulizitaka halmashauri zitenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa mwaka kutoka mapato ya ndani. Ni bei ya mayai 2 au 3. Sehemu kubwa ya kazi ya lishe imekuwa ikilipiwa na wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa limegharimia miradi mikubwa ya lishe nchini, Iringa ikiwamo. Pengo hilo halizibiki kwa shilingi 1,000.

Ikiwa patakuwa na fedha mpya, hoja ya makala hii ni kwamba ziende kwanza kununua saa za mama. Maji ya bomba karibu na nyumba ni saa. Jiko linalotumia kuni chache ni saa. Kubwa kuliko vyote ni kituo cha kulelea watoto wadogo kijijini, ambapo mlezi aliyefundishwa anawapikia uji wenye maziwa na kimea saa 4 asubuhi, wali na maharage ya kuponda saa 7, na parachichi kabla mama hajarudi. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inavitambua vituo vya namna hiyo, na vijiji vya Iringa vilikuwa navyo miaka 40 iliyopita.

Kinachokwamisha kila mara ni malipo ya mlezi. Jengo watu hujenga kwa nguvu zao, chakula huchangwa baada ya mavuno, lakini mwanamke anayeshinda na watoto 25 hawezi kufanya kazi hiyo kwa asante kwa zaidi ya msimu mmoja. Halmashauri za Iringa, Njombe na Rukwa hukusanya ushuru wa mazao kwenye vizuizi vya barabarani, kwa mahindi, viazi na maparachichi yaleyale yanayolimwa na mama wa watoto hao. Sehemu ya ushuru huo ikitajwa kwenye bajeti kwa jina, posho ya mlezi wa kituo cha watoto, na ikalipwa kila mwezi, kituo kitabaki wazi hata mwezi wa Januari, kilimo kinapopamba moto na mama hana pa kumwacha mtoto.